Mwaka mmoja na probu mkononi: mwongozo wa ubobezi wa altrasaundi ya kando ya kitanda kwa madaktari wa magonjwa ya ndani Kanda ya Ziwa

Mwongozo huu ni wa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au anayekaribia kumaliza shahada ya uzamili, aliyeko Mwanza au popote kando ya Ziwa Victoria, anayetaka kutenga mwaka mzima ajifunze altrasaundi ya kando ya kitanda mpaka aweze kuifundisha. Utamfaa pia mkuu wa idara anayefikiria kuanzisha mafunzo hayo hospitalini kwake. Kozi za siku mbili au tatu zina nafasi yake, ila hazimwivishi mtu kiasi cha kuamua matibabu kwa picha aliyoipiga mwenyewe saa nane za usiku.

Niseme mapema ninaloliamini, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: anayemwivisha daktari ni mtu wa pili anayezikagua picha zake. Daktari akiwa na mashine nzuri na mwaka mzima wa mazoezi bila mkaguzi, ujasiri wake utakua haraka kuliko ujuzi wake, na gharama ataibeba mgonjwa.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kutafuta mashine

Altrasaundi ya idara ya radiolojia hukagua kiungo kizima na kutoa ripoti kamili. Ile ya kando ya kitanda hujibu swali moja finyu alilojiuliza daktari anayemtibu mgonjwa, na jibu hubadili matibabu hapo hapo. Kifua kina maji? Moyo unasukuma vizuri, unasukuma kidogo, au umezingirwa na maji? Figo zimetanuka kwa mkojo usiopita? Vena ya paja inabonyea?

Chukua daftari. Kwa wiki kadhaa za raundi, andika kila mara ulipojikuta unasema "tusubiri picha" au "apelekwe akapimwe". Katika wodi ya magonjwa ya ndani hapa Mwanza orodha yako itajaa mambo ya aina moja: mgonjwa anayehema sana, tumbo lililojaa maji, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI mwenye homa na kukonda, mvuvi anayetapika damu, mguu mmoja uliovimba, figo zilizoshindwa ghafla, shinikizo la damu lililoshuka bila sababu kuonekana. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako. Mitaala ya Ulaya na Marekani itakusaidia kuipanga, lakini haijui kwamba nusu ya maswali yako yanatoka ziwani na kwenye majaruba ya mpunga.

Swali ambalo jibu lake halitabadili unachomfanyia mgonjwa liondoe kwenye orodha.

Hatua ya 2: Piga hodi radiolojia na kitengo cha moyo

Nenda mwenyewe, na nenda kabla hawajasikia habari zako kwa wengine. Daktari bingwa wa radiolojia akisikia juu juu kwamba watu wa magonjwa ya ndani wameanza kupiga altrasaundi wodini, ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu ripoti zenye makosa mwishowe huja kusahihishwa mezani kwake. Maneno ya kuanzia hayahitaji kuwa marefu: "Shikamoo Dokta. Naomba mwaka huu nikae chini yako siku moja kila wiki. Picha zangu za tumbo ningependa uzikague wewe. Nitakachokiona nisikielewe, nitakileta kwako kwa kipimo kamili." Zungumza hivyo hivyo na anayesimamia vipimo vya moyo, na usiwasahau mafundi sanifu wanaopiga picha kila siku. Mkono wao umezoea, na wengi wanafundisha vizuri wakiombwa kwa heshima.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja usainiwe na pande zote. Utaje maswali mnayoruhusiwa kujibu wodini, nani anakagua picha, majibu yanaandikwa wapi, na nini kifanyike likionekana jambo ambalo halikutafutwa, kwa mfano uvimbe kwenye ini ukiwa unatafuta maji. Jibu la hilo la mwisho liwe moja siku zote: kipimo kamili radiolojia, na jina la atakayefuatilia.

Hatua ya 3: Chagua njia ya mafunzo

Marekani kuna mafunzo ya ubobezi ya mwaka mmoja kwa madaktari wa magonjwa ya ndani waliomaliza uzamili. Huanzishwa na vyuo na hospitali zenyewe, nje ya mfumo wa ithibati wa ACGME, baraza la Marekani linaloidhinisha mafunzo ya madaktari, unaosimamia ubobezi kama wa moyo au figo, kwa hiyo ubora hutegemea sana nani anafundisha. Kwa kawaida mfunzwa huyo anafanya kazi ya udaktari wodini mwaka huo, kwa hiyo atahitaji leseni ya kule pamoja na mitihani inayoitangulia. Kwa daktari wa Mwanza ni njia ndefu. Bado inafaa kuusoma muundo wao: siku za kupiga picha, kikao cha kila wiki cha kukagua picha, muda wa kufundisha wadogo, na kazi ndogo ya utafiti. Muundo huo unaweza kuuhamishia hapa bila viza.

Uingereza, Chama cha Tiba ya Dharura za Ndani kilianzisha njia iitwayo FAMUS, iliyojengwa juu ya kifua, tumbo na mishipa ya miguu. Marekani pia, chama cha madaktari wa wodini, SHM, kwa kushirikiana na CHEST, chama cha madaktari wa kifua, hutoa cheti kinachodai mkusanyo wa picha zilizokaguliwa na mtihani wa mwisho. Tazama wanachofanana wote: picha zilizokaguliwa.

Karibu zaidi, Kampala kuna taasisi ya ECUREI iliyo katika Hospitali ya Mengo, ambayo imefundisha altrasaundi kwa miaka mingi na inapokea wanafunzi kutoka nchi jirani. Dar es Salaam, Muhimbili ilianzisha mafunzo ya uzamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na madaktari wa fani hiyo wamezoea altrasaundi ya kando ya kitanda kuliko sisi. Ukipata nafasi ya kukaa nao hata wiki chache, nenda.

Ushauri wangu ni kuchanganya. Msingi uwe hapa hapa, kwenye wodi unayoijua, katika hospitali ya Bugando au Sekou Toure, na wakaguzi wa radiolojia na moyo waliokubali katika hatua ya 2. Ongeza mwezi mmoja au miwili nje ya Mwanza, na mkaguzi mmoja wa mbali anayetazama picha kwa intaneti. Mwalimu wa kutoka nje ya nchi atakayemgusa mgonjwa anahitaji kwanza leseni ya muda ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Anza kuishughulikia mapema.

Hatua ya 4: Mashine, probu na usafi

Kuna probu, yaani kichwa cha mashine kinachogusa ngozi ya mgonjwa, za aina tatu za kuzijua. Iliyopinda, ya takriban megahezi 2 hadi 5, ni ya tumbo na maji ya kifua. Nyoofu, ya megahezi zaidi ya 5, ni ya mishipa, utando wa mapafu na kuongoza sindano. Huonyesha kwa undani lakini haifiki mbali. Ya moyo ina uso mdogo unaoingia kati ya mbavu. Siku hizi zipo probu za kuchomeka kwenye simu, kama Butterfly iQ, ambayo probu moja hubadilishwa kwa programu ifanye kazi za zote tatu. Ni mkombozi kwa wodi zenye nafasi finyu, ila uliza mambo matatu kabla ya kununua: kuna ada ya kila mwaka ya programu? Picha zinahifadhiwa wapi intaneti ikikatika? Ikiharibika, nani ataitengeneza na kwa muda gani? Mashine kuukuu ya magurudumu yenye fundi aliyepo mjini ni bora kuliko mpya ambayo lazima ivuke bahari ikaguliwe.

Futa probu kabla na baada ya kila mgonjwa, kwa dawa aliyoiruhusu mtengenezaji, kwa sababu spiriti kali hupasua mpira wa baadhi ya probu. Jeli ya chupa ya kawaida usiitumie kamwe unapochoma sindano. Tumia ya pakiti iliyotakaswa pamoja na kifuniko safi cha probu. Chupa za jeli zinazojazwa tena na tena huotesha vijidudu.

Mgonjwa naye aandaliwe. Wengi hapa wanaijua altrasaundi kama kipimo cha wajawazito.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, daktari."

"Babu, naomba nikuangalie kifua na moyo kwa mashine hii. Haichomi na haina mionzi. Nitakupaka jeli kidogo, ni ya baridi."

"Si ndiyo ile ya wajawazito?"

"Ndiyo hiyo hiyo, babu. Inaonyesha mtoto tumboni, na maji yakiwa kifuani inayaonyesha pia."

Sekunde hizo chache ndizo ridhaa yenyewe. Mama akihitaji kufungua kifua, muuguzi wa kike awepo na pazia livutwe.

Hatua ya 5: Miezi ya kwanza, mapafu na maji

Anza na mapafu. Ni rahisi kuyapata, na jibu lake hubadili matibabu mara nyingi. Pafu lenye hewa halipitishi mawimbi, kwa hiyo unachosoma ni alama za mwangwi. Mistari ya mlalo inayojirudia chini ya utando wa mapafu, mistari A, inasema kuna hewa. Mistari ya wima inayoanzia kwenye utando na kushuka mpaka mwisho wa skrini, ikicheza na pumzi, ni mistari B. Mistari B mitatu au zaidi katika nafasi moja kati ya mbavu ina maana, na ikionekana sehemu mbili au zaidi kila upande, mapafu yote mawili yana majimaji au ugonjwa katika tishu zake.

Mwaka 2008 Daniel Lichtenstein na Gilbert Mezière wa Ufaransa walichapisha mpangilio uitwao BLUE. Kwa wagonjwa 260 wenye kushindwa kupumua waliolazwa chumba cha uangalizi maalumu, mpangilio ule ulitoa utambuzi sahihi kwa asilimia 90.5. Ujifunze, ila ukumbuke wagonjwa wao walikuwa nani. Kifua kikuu hakimo kwenye mchoro wao. Hapa kwetu mistari B pande zote inaweza kuwa moyo uliochoka, inaweza kuwa nimonia ya pneumosisti kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka, inaweza kuwa kifua kikuu kilichosambaa. Tazama utando wenyewe: kwa mgonjwa wa moyo huwa laini na mwembamba, kwa maambukizi huwa umekwaruzika na una vipande vidogo vyeusi chini yake. Halafu tazama moyo kabla ya kuandika dawa ya kutoa maji.

Kwa maji ya kifua, kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kitangulie kuonekana. Ukiwa hujakitambua kiwambo, hujui kama uko kifuani au tumboni, na sindano isiguswe. Pima kina cha maji. Kikiwa chini ya sentimita 1, acha. Weka alama mgonjwa akiwa katika mkao ule ule atakaochomwa nao, pitisha sindano juu ya ukingo wa juu wa ubavu, na ukimaliza rudisha probu mbele ya kifua uone kama utando bado unateleza.

Hatua ya 6: Moyo, kwa maswali manne tu

Madirisha, yaani sehemu za kuutazama moyo kwa probu, ni manne: mawili kando ya mfupa wa kifua, moja kwenye ncha ya moyo, moja chini ya mfupa wa kifua. Maswali pia ni manne. Ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, inasukuma? Ya kulia imetanuka? Kuna maji kwenye mfuko wa moyo? Vena kuu ya chini imejaa au imebonyea? Vali na vipimo vya kasi ya damu waachie wenye kazi yao mwaka huu wa kwanza.

Angalia alama ya upande kwenye skrini kabla ya kuanza, kwa kuwa mpangilio wa moyo huiweka kulia na wa tumbo huiweka kushoto. Hilo huwachanganya wengi.

Kwa nguvu ya ventrikali ya kushoto, jifunze kwanza kukadiria kwa jicho: kuta zinakaribiana, zinanenepa, na vali ya maitro, inayoingiza damu kwenye ventrikali hiyo, inafunguka mpaka kukaribia ukuta wa kati. Umbali kati ya jani la vali hiyo na ukuta wa kati ukizidi milimita 7, moyo huenda unasukuma kidogo. Lakini hapa lazima nisimame kidogo. Kipimo hicho kinapotosha kwa mgonjwa ambaye vali ya maitro imekakamaa au ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, inavujisha, na sisi bado tuna vijana wengi wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Jani halifunguki kwa sababu limekakamaa, huku misuli ikiwa mizima. Ukiona vali nene isiyofunguka, weka namba pembeni na umpeleke kwa daktari wa moyo.

Maji kwenye mfuko wa moyo hutafutwa sana katika eneo letu, kwa sababu kifua kikuu ndicho chanzo kikuu chake Afrika kusini mwa Sahara. Kuyatofautisha na maji ya kifua cha kushoto, tafuta aota inayoshuka: ya mfuko wa moyo hupita mbele yake, ya kifua hubaki nyuma yake. Mgonjwa mwenye maji hayo, shinikizo lililoshuka, na vena kuu iliyojaa isiyobonyea, usimsubirishe mpaka kesho.

Vena kuu isisomwe peke yake. Ikiwa na kipenyo cha sentimita 2.1 au pungufu na ikibonyea zaidi ya nusu mgonjwa akinusa kwa nguvu, shinikizo la upande wa kulia wa moyo ni dogo. Ikiwa pana kuliko hapo na haibonyei, shinikizo ni kubwa. Haikuambii kwa nini, na haikuambii kama mgonjwa anahitaji dripu.

Hatua ya 7: Tumbo la Kanda ya Ziwa

Hapa ndipo daktari wa Mwanza anapaswa kuwa bora kuliko mwalimu wake wa ng'ambo.

Kichocho cha matumbo, kinacholetwa na Schistosoma mansoni, hupatikana zaidi kwa wanaoishi na kufanya kazi ufukweni na visiwani: wavuvi, akina mama wanaofua na kuchota maji, watoto wanaoogelea. Mayai yanayokwama kwenye ini huacha makovu kuzunguka matawi ya vena pota, vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini. Damu inakosa njia, bandama inakua, mishipa ya umio inavimba, na siku moja mtu aliyekuwa anavuta nyavu anatapika damu. Tofauti na mlevi au mwenye homa ya ini, seli zake za ini mara nyingi bado zinafanya kazi vizuri. Hana manjano wala kuchanganyikiwa. Utambuzi huo unabadilisha unachoiambia familia yake, na unabadilisha matumaini yako mwenyewe kitandani pake.

Jifunze kusoma ini hilo kwa mpangilio wa Niamey, uliotokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika katika mji huo wa Niger mwaka 1996 na kuchapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000. Unaipanga sura ya ini kwa herufi A hadi F, kuanzia ini la kawaida, kupitia vipete na mabomba meupe kuzunguka matawi ya vena, mpaka makovu mazito yanayotoka kwenye njiapanda ya vena pota na kusambaa hadi pembeni. Pima vena pota, pima bandama, tafuta maji. Kumbuka kwamba picha haisemi kama minyoo bado ipo. Hilo linajibiwa na kinyesi au mkojo. Makovu hubaki hata baada ya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Mgonjwa aliyekwishatibiwa asipewe dozi nyingine kwa sababu ya picha tu, na mwenye makovu mazito aandikiwe endoskopi kabla hajatapika damu kwa mara ya kwanza.

Ukiona ventrikali ya kulia imetanuka kwa mtu mwenye ini la namna hiyo, unganisha mambo hayo mawili. Kichocho kinaweza kupandisha shinikizo kwenye mishipa ya mapafu.

Na kabla ya kutoa maji tumboni upande wa kushoto chini, kama tulivyofundishwa wote, weka probu kwanza. Bandama ya mgonjwa wa kichocho inaweza kushuka mpaka hapo. Pitisha pia probu nyoofu juu ya ngozi ya mahali unapotaka kuchoma, uhakikishe hakuna mshipa ukutani.

Mbali na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya Misungwi, Kwimba na kuelekea Shinyanga, kuna ndugu yake, Schistosoma haematobium, anayeshambulia kibofu na mirija ya mkojo. Kibofu kiangaliwe kikiwa kimejaa: ukuta mnene, uvimbe unaochomoza ndani. Panda kwenye figo utafute kutanuka. Mkulima mwenye figo zilizoshindwa na kutanuka pande zote mbili ana tatizo linaloweza kuzibuliwa, na siku zinazopotea hapo hazirudi.

Figo ndogo, chini ya sentimita 9, zenye gamba jembamba na jeupe, kwa kawaida ni ugonjwa wa siku nyingi. Ila figo za kisukari na zile zilizoharibiwa na virusi vya UKIMWI zinaweza kubaki na ukubwa wake hata zikiwa zimechoka kabisa, kwa hiyo ukubwa usikupe matumaini ya haraka.

Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI mwenye homa, kukonda na makohozi yasiyopatikana, tumia mpangilio wa FASH, wa kutafuta dalili za kifua kikuu kwa altrasaundi, uliochapishwa mwaka 2012 na timu ya Tom Heller kutokana na kazi yao Afrika Kusini. Tafuta maji kwenye mfuko wa moyo, kifuani na tumboni. Tafuta tezi kubwa kuliko sentimita 1.5 karibu na vena pota na aota. Kisha badilisha probu, chukua nyoofu, na upekue bandama kwa vijidoa vyeusi vidogo. Probu iliyopinda huvikosa vijidoa hivyo kwa urahisi. Vikiwepo, pamoja na historia ya mgonjwa, kifua kikuu kinapanda juu ya orodha na matibabu yanaweza kuanza siku hiyo. Hata hivyo limfoma huweza kufanana nacho, kwa hiyo mgonjwa asiyepata nafuu atazamwe upya.

Hatua ya 8: Mishipa ya miguu

Hii ni fupi. Bonyeza vena kinenani na nyuma ya goti kwa probu nyoofu. Kuta zikikutana, hakuna damu iliyoganda mahali hapo. Zikikataa kukutana, ipo. Mgonjwa mwenye dalili kali na kipimo safi arudiwe baada ya wiki moja, kwa sababu bonge la damu lililoko kwenye shavu la mguu linaweza kupanda.

Hatua ya 9: Kikao cha kukagua picha, kila wiki bila kukosa

Ukikosa muda wa mambo yote mengine, linda hili.

Kila picha ihifadhiwe kama video fupi ya sekunde chache. Pembeni andika swali ulilojiuliza, jibu lako, na ulichokifanya kwa mgonjwa kwa sababu yake. Jibu liandikwe kabla mkaguzi hajaona. Ukisubiri maoni yake kwanza, hutajua kamwe unakosea wapi. Mkaguzi naye ajibu bila kuliona lako, na aipe picha alama ya 1 hadi 5 kwa ubora wake. Chini ya 3, jibu halihesabiki hata kama lilikuwa sahihi. Baadaye ongezeni safu ya tatu: ukweli ulivyojitokeza. Maji yalitoka au hayakutoka? Kipimo kamili cha moyo kilisema nini? Makohozi yalionyesha vimelea?

Leta picha zote, hasa zisizo na ugonjwa. Daktari anayeleta zilizopendeza tu anamnyima mkaguzi nafasi ya kuona anachokipita bila kukiona. Picha ya kawaida ndiyo inayomjenga mtu. Aliyetazama mioyo mingi mizima humtambua mgonjwa kwa mtazamo wa kwanza.

Kuhusu idadi, chama cha madaktari wa tiba ya dharura Marekani, ACEP, hutaja picha 25 hadi 50 zilizokaguliwa kwa kila eneo. Ichukue kama mahali pa kuanzia mazungumzo. Kuna anayeiva mapema kwenye mapafu na kuchelewa sana kwenye moyo. Ruhusa ya kujitegemea itolewe eneo kwa eneo, baada ya mkaguzi kusimama kando yako na kukutazama mkono ukifanya kazi kwa wagonjwa kadhaa, wakiwemo wanene na wasioweza kulala chali. Video pekee haionyeshi jinsi ulivyoipata.

Kuhusu kutuma picha kwa simu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa za afya moja kwa moja. Futa jina na namba ya faili kabla picha haijatoka kwenye mashine, tumia namba ya siri inayojulikana wodini tu, na usitume kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu wasiomhudumia mgonjwa. Hospitali iwe na mahali pake pa kuhifadhi, hata kama ni diski moja inayofungiwa kabatini.

Hatua ya 10: Andika kwenye faili kama mtu atakayesomwa

Mistari mitatu inatosha: swali, kilichoonekana, kisichoonekana vizuri. "Altrasaundi ya kando ya kitanda. Swali: maji ya mfuko wa moyo. Hayapo kwenye madirisha mawili. Dirisha la ncha halikupatikana. Moyo unasukuma kidogo kwa kukadiria. Kipimo kamili cha moyo kimeombwa." Usiandike "moyo ni wa kawaida". Hukuuangalia moyo wote, na daktari wa zamu ya usiku atayaamini maneno yako.

Hatua ya 11: Miezi ya mwisho, fundisha

Anza na madaktari wa mafunzo kazini na wanafunzi wa uzamili wodini kwako. Mfundishe mmoja swali moja, maji ya kifua, mpaka alijibu bila wewe. Kisha toka nje ya jiji. Hospitali ya wilaya Nansio, Sengerema au Magu ndiko mgonjwa huanzia, na mara nyingi huko ndiko uamuzi mgumu hufanyika: apelekwe Bugando usiku huu, au atibiwe hapa? Kwa anayetoka Ukerewe, jibu hilo ni nauli ya kivuko, ndugu wa kumsindikiza, na siku za kazi zilizopotea.

Ukienda huko, usiwafundishe orodha yako. Waulize maswali yao kwanza, kama ulivyofanya kwa daftari katika hatua ya 1. Huenda wao wana wajawazito wenye shinikizo na watoto wenye nimonia wengi kuliko ulivyozoea. Chagueni maswali mawili au matatu tu. Kabla hujaondoka kubaliana nao siku ya kikao cha kukagua picha kwa simu, na wewe uwe mkaguzi. Picha zao zijibiwe ndani ya siku mbili. Zikikaa wiki nzima bila jibu wataacha kutuma, na probu itaishia kabatini.